Vanishi Mara Kumi

Doreen, ambaye kijiji kizima kinamwita Redio, hakungoja hata chai itiwe maziwa.

"Nyamazeni! Gazeti la kijiji hili hapa. Mashindano ya reli za bustani, zile za treni ndogo, yanafika hapa leo saa nane, na mwaka huu mwamuzi anakuja na kopo la kumwagilia maua. Kila kituo cha treni kinamwagiwa maji, lita tano!"

"Acha uzushi, dada," alisema mmoja wa wazee benchini.

"Soma mwenyewe! Waandaaji wamechoka. Mwaka jana mashindano yalivunjika kwa mvua, na bango la mtu fulani likachuruza wino mpaka suruali ya kasisi ikawa ya buluu."

Wote wakamgeukia mtu fulani.

Cedric Ollerenshaw, Mzee Vanishi kwa jina la kijiwe chao cha chai, akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Nyuma yake treni yake ya mvuke, kimo cha paka, ilikuwa ikipita chini ya mawaridi ikikohoa. Kijiwe kilikuwa na kanuni moja tu: anayeshinda ndiye anayekaa na benchi lao bustanini kwake mwaka mzima. Na benchi lilipo ndipo watu walipo. Tangu mkewe Edna afariki, Cedric hajawahi kunywa chai ya Jumamosi peke yake, na hakuwa na mpango wa kuanza.

"Si uzushi. Kwangu mwamuzi ameshapita asubuhi na kopo lake," alisema Clive, anayeitwa Kabeji kwa sababu reli yake inapita katikati ya kabeji. "Saba kwa kumi. Mimi mabango nachapa kwa printa ya leza. Ule si wino, ni unga unachomwa mpaka unaganda. Hauogopi maji. Wewe bado una kile kiprinta chako cha wino wa maji?"

"Ninacho, na kitakuaibisha."

"Mzee, wino wa maji ukionyeshwa wingu tu unakimbia!"

"Mimi napulizia dawa ya nywele," alidakia Redio.

"Ndiyo maana kituo chako kimejaa nyuki."

"Nyuki ni abiria kama wengine!"

Cedric akasimama. Akatoa mfukoni kibango kidogo, kijani chenye herufi nyeusi, kimeandikwa jina la kituo chake: Ednaford.

"Stika ya plastiki hii. Nimechapa, nikaacha ikauke siku mbili bila kuigusa. Halafu vanishi ya kupuliza, safu nyembamba nyembamba, mara kumi. Mara kumi, Kabeji! Kingo zote nimeziziba. Kopo zima limekwisha."

Kabla hawajamzuia, akakitumbukiza kibango kwenye chai yake, akakikorogea humo, akakitoa, akakilamba na kukiinua juu. Hakuna herufi iliyotikisika.

"Mungu wangu, kakilamba!" Redio akashika kifua.

"Ina ladha gani?" aliuliza Stanley, Injinia, ambaye tangu afike alikuwa hajamaliza biskuti ya kwanza.

"Ladha ya ushindi."

Saa nane kamili Bi Tattersall, mwamuzi, aliingia na kopo lake kama mtu aliyekuja kubatiza. Hakusalimia. Akapiga magoti mbele ya kituo cha Ednaford, jengo jipya ukubwa wa boksi la viatu, na kuanza kumwaga.

Maji yakapiga bango la jina. Yakateleza. Yakapiga ratiba ya treni, yakapiga tangazo la sabuni. Yote yaling'aa kama yametoka dukani leo. Cedric akamkonyeza Kabeji.

"Mzee," alisema Injinia taratibu, "yale matofali ya ukutani umeyajengaje?"

"Si nimeyachapa. Karatasi juu ya kadibodi, yamependeza kweli."

"Na vanishi yake?"

Cedric akakumbuka kopo tupu la vanishi.

Ukuta ukaanza kutoka jasho jekundu. Paa likainama, bomba la moshi likajikunja, na lilipomwagwa tone la mwisho palibaki uji wa rangi ya waridi, na juu yake mabango matatu yanaelea, makavu, yana heshima zake.

Bi Tattersall akaandika, kisha akasoma kwa sauti: "Mabango, kumi kwa kumi. Kituo, sifuri, hakikuonekana. Wastani, tano kwa kumi. Benchi liende kwa Clive, mwenye saba."

Hakuna aliyecheka. Kabeji mwenyewe alitazama viatu vyake.

"Haya, mzee, nyanyuka tulibebe," alisema kwa upole.

Cedric akajaza kikombe, akaketi katikati ya benchi, akapachika mguu juu ya mguu.

"Kanuni inasema benchi lihame. Wapi imesema aliyekalia ashuke?"

Kabeji akashika mbele, Injinia akashika nyuma na biskuti mdomoni, Redio akatangulia na buli kusafisha njia, akimtangazia kila jirani dirishani. Wakatoka getini wakiyumba.

"Polepole kwenye kona!" alifoka Cedric huko juu. "Hii chai haijapigwa vanishi!"