Ratili Sabini za Verlin Pokorny

Verlin Pokorny alikuwa bado anachambua samaki wake wa Ijumaa, kwenye baa moja nyuma ya kiwanda cha karatasi pale Wausau, jimbo la Wisconsin, aliposikia mwanamume mzima akilalamika karibu kulia. Masikio yake yakasimama yenyewe.

"Ratili arobaini na tano!" Rollie Jarosz alikuwa akiwaambia wenzake mezani. "Kijana wa dukani ananitazama juu mpaka chini, halafu ananiambia nianzie hapo. Mimi! Kama binti wa shule ya Jumapili!"

"Na bei?" shemeji yake akauliza, huku ameshaanza kucheka.

"Usiniulize bei. Kwa bei ile ningenunua kulungu mwenyewe, tena akiwa hai na amefundishwa adabu."

Meza nzima ikaangua kicheko, lakini Verlin alisikia ndani ya kicheko kile kitu kingine. Watu wawili watatu walikuwa wakicheka huku wanatazama chini. Nao walikuwa wamepita duka lilelile, wakapimwa na kijana yuleyule, wakaambiwa maneno yaleyale.

Hapa inabidi tuelewane. Upinde wanaowindia watu wa Wisconsin si ule wa fimbo na ugwe. Ni mtambo: una vigurudumu juu na chini, skrubu za kukazia, na uzito wake, yaani nguvu ya kuuvuta, hupimwa kwa ratili. Wanaume wa kule huitaja namba hiyo kwa sauti ambayo kwingineko watu huitumia kutaja matokeo ya mtihani ya watoto wao. Mtu wa sabini hukaribishwa kiti. Mtu wa arobaini na tano hutumwa kuleta bia.

Rollie, mwenye vituo vya kuoshea magari karibu mji mzima, alikuwa mpana kama mlango wa gereji, na ubahili wake ulikuwa na upana huohuo. Msimu huo alikuwa ameapa kuanza kuwinda kwa upinde kama shemeji yake. Mtu aliyedharauliwa, halafu bahili, halafu ana haraka! Verlin alifuta mafuta vidoleni na kumshukuru Mungu kimoyomoyo, kwani hakuwa mtu wa kupokea neema bila shukrani.

Asubuhi yake alikwenda kwa Marlys. Marlys alikuwa mtalaka wake. Waliachana kanisani na mahakamani lakini hawakuachana kazini, kwa sababu wake wazuri, Verlin alisema, wako wengi, ila mtu wa kukubebea uongo bila kucheka hapatikani hivihivi. Pamoja waliwahi kuwauzia wastaafu usajili wa kuondolewa theluji mlangoni, wakahama mji kabla theluji haijashuka.

"Pinde," alisema Verlin.

"Pinde gani? Wewe hata panya wa stoo unamwogopa."

"Ile kambi ya wasichana kule ziwani imefungwa. Wana pinde za kujifunzia, rundo zima, wanaziuza kwa bei ya vyuma chakavu. Ni imara, ila zina rangi ya zambarau."

"Zambarau," alirudia Marlys.

"Ndiyo maana nimekuja na rangi ya kupulizia."

Baada ya siku chache pinde zikawa na rangi ya majani na magome ya miti, kila moja na stika iliyoandikwa "Mfalme wa Msitu". Ila kazi ya sanaa hasa ilikuwa mizani. Verlin alinunua mizani ya kuning'iniza, ile ya mshale na uso wa duara, akaubandua uso wake na kubandika mwingine aliouchora mwenyewe kwa uvumilivu ambao hajawahi kuutoa kwa kazi halali. Upinde wa ratili arobaini ukitundikwa pale, mshale ulikwenda sabini bila aibu yoyote.

Jumamosi waliegesha tela nyuma ya baa. Rollie akafika wa kwanza, mikono mfukoni, akijifanya anapita tu.

"Samahani mkubwa," Verlin akamzuia kwa upole, "hizi si za kila mtu. Ni za jeshi, ziliagizwa, halafu mkataba ukavunjika. Nisije nikalaumiwa bega lako likitoka."

"Bega langu?"

"Mume wangu wa kwanza aliuvuta huohuo," Marlys akadakia, akitazama mbali. "Hakurudi kuwa mtu tena."

Hili, kwa kadiri fulani, lilikuwa kweli, maana mume huyo alikuwa Verlin mwenyewe.

Rollie akaunyakua upinde. Akavuta. Ugwe ukaja mpaka shavuni kama mlango wa friji, vigurudumu vikazunguka, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyesamehewa dhambi. Verlin aliuchukua upinde kwa mikono miwili, akautundika kwenye mizani, akavuta taratibu, akasogea pembeni ili Rollie asome mwenyewe.

"Sabini," Rollie akanong'ona.

"Na kitu juu yake."

"Na yule kijana wa dukani..."

"Bosi, wale wana mizani za kibiashara. Unategemea nini?"

Bei ilikuwa theluthi ya ile ya dukani. Rollie alibishana nayo kidogo ili asijidharau, kisha akalipa. Kufikia jioni wale waliocheka huku wanatazama chini walikuwa wamepanga foleni nyuma ya tela, kila mmoja akijifanya kamsindikiza mwenzake.

Kitu kimoja tu kilimkera Verlin. Marlys alikuwa anawapima wateja. Anawanyoosha mikono, anapima upana wake kwa kamba, halafu anarekebisha urefu wa mvuto wa kila upinde umkae mwenyewe. Anawachagulia mishale mizito. Anawaambia wasipige kitu kilicho mbali kuliko urefu wa tela mbili mpaka wazoee, na wafanye mazoezi kila siku wakitoka kazini.

"Unawaibia au unawafundisha?" Verlin akamnong'oneza.

"Upinde usiomfaa mtu urefu humchapa ugwe mkononi. Akichapwa, anarudi na hasira. Unataka warudi?"

"Sitaki hata mmoja arudi."

"Basi niache nifanye kazi."

Marlys alikuwa amekulia shambani, binti wa mwindaji, na mikono yake ilikumbuka mambo ambayo mdomo wake haukuona haja ya kumweleza Verlin.

Mpango ulikuwa kuondoka kabla msimu haujafunguliwa, kwa sababu uongo wa mizani haugunduliki mpaka mshale umgonge kulungu na kudondoka kama kijiti. Lakini watu walizidi kuja, kutoka Merrill, kutoka Schofield, na Verlin akasema kesho, akasema tena kesho. Msimu ukamkuta yumo mjini, anakula vipande vya jibini vya moto kwenye chumba chake cha kupanga, juu ya duka la mazulia.

Mchana mmoja Marlys akaingia bila kubisha.

"Rollie Jarosz anakutafuta."

Verlin akarudisha kipande cha jibini kwenye karatasi yake. "Wapi?"

"Kila mahali. Amezunguka na gari baa zote. Amekwenda mpaka kanisani."

"Ana... ana upinde?"

"Anao, kwenye kiti cha mbele. Na shati lake lina damu mpaka viwikoni."

"Damu ya nani, Marlys?"

"Ya aliyekuwa mbele ya mshale."

Verlin akaketi kitandani, akasimama, akaketi tena. Alimwona shemeji wa Rollie amelala majanini. Aliona mahakama. Aliona, na hili ndilo lililomvunja, mizani yake imewekwa juu ya meza ya hakimu kama kidhibiti, na hakimu akiusifu uchoraji.

"Na wengine wanamwuliza yeye ulipo," Marlys akaongeza. "Wamejaa kwenye kituo chake cha kuoshea magari. Naona sauti ziko juu sana."

"Naondoka. Naondoka sasa hivi!"

"Na tela? Na pinde zilizobaki? Na watu wale?"

"Chukua!" Akavuta bahasha chini ya godoro, akamtupia. "Warudishie pesa zao! Warudishie wote! Waambie mimi nilikuwa mgonjwa. Waambie nimekufa!"

"Niandikie kwamba tela ni langu, ili wasidhani nimeliiba."

Verlin akaandika nyuma ya karatasi iliyofungia jibini. Marlys akaikunja vizuri, akamfungia zipu ya koti kama anavyofungiwa mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu talaka Verlin alimwona mwanamke yule kuwa malaika. Machozi yakamlenga.

Alifika kituo cha mafuta cha kwanza kusini mwa mji ndipo akagundua kwamba tangi lake lilikuwa tupu. Alikuwa ameshikilia bomba la mafuta, hawezi kukimbia wala kujificha, pale gari kubwa la Rollie lilipokata kona na kumsimamia mbele ya boneti.

Rollie akashuka. Shati lilikuwa kweli na damu mpaka viwikoni. Upinde ulikuwa mkononi.

"Nina mama mzazi!" Verlin akapiga kelele. Mama huyo alikuwa ameshazikwa miaka mingi, lakini hiyo haikuwa siku ya maelezo.

Rollie akamkumbatia. Akamwinua juu mpaka viatu vikaning'inia.

"Njoo uone! Njoo, njoo!" Akamburuta mpaka nyuma ya gari, na hapo palilala kulungu dume, mzito, pembe zake zina matawi mpaka huwezi kuamua uanzie wapi kuhesabu. "Mshale mmoja. Mmoja, Verlin! Aliruka mara mbili akalala. Shemeji yangu ana upinde wa bei mbaya, unamtetemesha mikono mpaka anakosa mti. Mimi nauvuta wangu, nautuliza, napumua, najichagulia unyoya wa kupiga!"

"Unautuliza," Verlin akarudia kwa sauti ya mtu anayejifunza lugha mpya.

"Kama kijiko! Na si mimi tu. Wenzangu wote wanapata, hata wale walioanza kiangazi hiki. Mji mzima unauliza nani alituchagulia pinde. Nimempa Marlys kituo changu cha Barabara ya Tatu, ule upande uliokuwa haufanyi kazi. Foleni imefika njiani." Akatumbukiza mkono kwenye mfuko wa mkate uliokuwa kitini. "Moyo wa kulungu huu. Nimekuwekea. Ukaange na vitunguu."

Basi jioni hiyo Verlin akarudi mjini, moyo wa kulungu kitini na wake mwenyewe ukidunda kwa hasira ya haki, maana hakuna mtu anayeumia kwa dhuluma kama mdhulumaji.

Ilikuwa kweli. Tela liko ndani ya kituo, pinde zimetundikwa ukutani, watu wamesimama na vikombe vya kahawa. Marlys ana kamba shingoni kama fundi cherehani.

"Umeniibia," Verlin akamwambia pembeni, meno yamebana.

"Nilikudanganya neno gani?"

Akafikiri. Akapitia mazungumzo yote mwanzo hadi mwisho. Hakupata.

"Bahasha yangu, basi."

"Nilimwuliza kila mmoja kama anataka pesa zake. Hakuna aliyetaka. Na wewe ulisema uko marehemu."

"Nitawaambia!" Verlin akapandisha sauti, kisha akaishusha haraka. "Nitawaambia mizani ilikuwa ya uongo. Arobaini, Marlys! Wote wanavuta arobaini kama wasichana wa kambini! Tuone nani atapanga foleni."

"Nilishawaambia."

"Ulishafanya nini?"

"Siku ya kwanza ya msimu, mbele ya wote. Nikasema mizani ilichezewa, nikaweka nyingine mpya hii hapa. Mtu asiyejua huanza na wepesi, akazoea, akaongeza skrubu kidogo kidogo. Ndivyo baba alivyotufundisha, na ndivyo yule kijana wa dukani alivyowaambia."

"Na wao?"

"Walihuzunika sana," alisema Marlys. "Kila mmoja aliwasikitikia wenzake. Rollie alinivuta pembeni akaniomba nisiwaumbue, kwa sababu ni wake tu uliokuwa wa sabini kweli."

Verlin akatazama foleni. Wanaume walikuwa wamesimama vifua mbele, kila mmoja akimpa mwenzake tabasamu la huruma.

Akanyoosha mkono ukutani, akachukua upinde mmoja. "Huu una ngapi?"

"Hamsini. Nimemkazia askari mmoja wa zimamoto, amezoea. Wacha, utaumia."

"Mimi ndiye niliyezileta hizi mjini," alisema Verlin. Akasimama sawasawa, akavuta. Ugwe ukaja mpaka nusu. Akavuta tena, goti likainuka, shingo ikawa nyekundu, ulimi ukatoka kando ya mdomo. Foleni nzima ikageukia vikombe vyake vya kahawa kwa adabu. Ugwe ukarudi ulikotoka.

Verlin akautundika upinde polepole kwenye mizani mpya, akauvuta chini kwa uzito wake wote, akasoma. Akasogeza uso, akasoma tena: hamsini kamili.

"Marlys," alisema akirekebisha kola ya koti, "waliokuuzia mizani hii wamekuibia."