Waya Wenye Kazi Mbili

Tik.

Jua lilikuwa bado nyuma ya mlima, na kamera iliyo juu ya mlango wa Bibi Yustina ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayevunja kijiti kwa adabu asije akamwamsha mwenye nyumba. Ndivyo ifanyavyo kila alfajiri inapovua macho ya usiku na kuvaa ya mchana. Bibi huijibu kutoka kitandani, "Nimeamka, Witness."

Witness ni bintiye, muuguzi huko Kisaki. Kabla hajaingia zamu hufungua simu na kumtazama mama yake akitoka uani. Wakati wa masika alimwona akiteleza kwenye matuta ya kabichi, akampigia jirani, Mwinshehe, naye akaja mbio na taulo kiunoni kumwinua. Bibi hajausahau wema ule, wala lile taulo.

Asubuhi hiyo, kabla uji haujachemka, bodaboda ilipanda kilima ikiwa na kipaza sauti.

"Wananchi wa Mtaa wa Mgongoni! Kamati ya Muda ya Utambuzi na Uoanishaji wa Nyaya inawatangazia zama mpya! Kuanzia leo kila waya utatakiwa kujieleza!"

Bibi aliona ni jambo jema. Alikuwa na waya wake mwaka mzima na haujawahi kumweleza chochote.

Saa tatu kamati ikabisha hodi. Mbele alikuwa Bwana Ezekiel, Mtendaji wa Mtaa. Nyuma yake Prisca, katibu, muhuri ukiwa kwenye pochi. Mwisho Mzee Leonard, fundi redio mstaafu, aliyeteuliwa kuwa mtaalamu kwa kuwa ndiye pekee mwenye tesita ya kupimia umeme.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Ezekiel alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Bibi alimsifu kimoyomoyo mama aliyemlea.

Leonard aliufuata waya wa bluu kutoka kwenye kiboksi cha mtandao kando ya kochi, juu ya dari, hadi nje kwenye kamera. Akarudi ameshika kidevu.

"Mheshimiwa, hapa pana jambo. Huu ni waya wa mtandao. Umeme unapita humo kwenda kwenye kamera, na picha zinarudi humo humo."

"Kwa wakati mmoja?"

"Kwa wakati mmoja."

"Na havigongani?"

"Havigongani."

"Nani anaviongoza?"

"Hakuna."

Ezekiel alifuta jasho. "Katibu, andika: hakuna anayeongoza. Mzee Leonard, nionyeshe mpaka. Umeme unaishia wapi na picha zinaanzia wapi?"

"Mheshimiwa, ni kama kuuliza sukari imekaa upande gani wa chai."

Basi Ezekiel akamgeukia Bibi kwa upole wa daktari mwenye majibu mabaya. Alieleza kwamba wenye umeme wamesema waya huo ni wa mtandao, na wenye mtandao wamesema mambo ya umeme hayawahusu. "Yaani, Bibi, waya huu hauna wazazi. Na mtaa hauna bajeti ya kulea waya yatima."

"Mwanangu, ukiukata, Witness ataniona kwa kitu gani? Nikianguka tena je?"

"Haukatwi, Bibi. Unasitishwa." Akamnyooshea Leonard mkono, akapewa plaizi ya kukatia nyaya.

"Kwa plaizi?"

"Kwa muda."

Hapo kamera ikasema kutoka mlangoni, kwa kispika chake, "Shikamoo, Mtendaji."

Wote wakainua nyuso. Ezekiel alifunga kifungo cha juu cha shati. "Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Witness, wa Kisaki. Kabla hujakata, naomba sababu kwa maandishi."

Hakuna kitu kilichomfurahisha Ezekiel kama kuombwa maandishi. Aliweka plaizi chini, akasimama katikati ya sebule na kumtamkia Prisca aandike: "Mtu au kitu chochote katika Mtaa wa Mgongoni kinachofanya kazi zaidi ya moja kupitia njia moja, kisitishwe mara moja, bila upendeleo, hadi kila kazi ipate njia yake." Neno "mtu" aliliongeza kwa sababu amri isiyomtaja mtu haimtishi mtu.

"Inahitaji saini tatu," alisema Prisca. "Mtendaji, Mwenyekiti wa Kamati, na Msimamizi wa Usalama."

Ezekiel alisaini. Akasaini. Akasaini. Prisca akagonga muhuri na kuupuliza wino ukauke.

"Mtendaji," ilisema kamera, "hao waliosaini ni watu wangapi?"

"Ni mimi. Hizo mbili nakaimu."

"Kwa wakati mmoja?"

"Kwa wakati mmoja."

"Na hamgongani?"

Mzee Leonard aliitazama tesita yake, kisha akamtazama Mtendaji, kama anayetafuta pa kuigusisha. Prisca, ambaye katika utumishi wake wote hajawahi kuruka neno kwenye karatasi yenye muhuri, alisoma upya taratibu: "Mtu au kitu chochote... bila upendeleo." Akanyoosha mkono. "Bosi, naomba funguo za ofisi."

"Prisca, usinitanie."

"Sitanii. Umeandika 'mara moja'."

"Basi naifuta amri!"

"Kwa cheo kipi, bosi? Vyote vitatu vimesitishwa."

Leonard alirudisha plaizi kwenye mfuko, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyebaki wa kumwamuru akate. Prisca akaandika kwenye muhtasari: *Vilivyokaguliwa, viwili: waya na Mtendaji. Kilichokutwa na madaraka ya kukata, hakuna. Waya uendelee.* Bibi akawaletea chai na magimbi. Ezekiel alipomaliza kula aliosha kikombe chake mwenyewe.

Tangu hapo mchakato wa kukipatia kila cheo mtu wake unaendelea vizuri. Umekwama tu mahali padogo: barua ya kuomba watu lazima isainiwe na Mtendaji.

Wiki ya tatu Bibi Yustina alichukua fimbo na kabichi mbili akashuka kumjulia hali. Alimkuta Ezekiel uani kwake, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, hana pa kwenda. Aliupangusa mkeka kwa kitambaa chake mwenyewe, akampa Bibi upande wenye kivuli. Waliongea habari za mvua, mguu wa Bibi, na wadudu wa kabichi. Hakuna aliyepita kuwakatiza. Zamani watu walijaa kwenye ua ule tangu asubuhi, kila mmoja na karatasi yake.

Bibi alipoaga, Ezekiel alimsindikiza kupita geti, kupita kona, mpaka panapoanza kilima, akiwa amembebea ile fimbo. Hapo akamrudishia.

"Bibi," alisema, "uje tena. Uje hata kama huna shida."