Foleni ya Kitabu cha Mitaro

Jumatatu, 3 Machi
Saa moja na dakika mbili asubuhi. Nimekiwahi! Kitabu cha mitaro, kile ambacho msimamizi wetu alisema asiyekisoma asijisumbue kuandika tasnifu, ni changu. Maktaba ya mtandaoni ya chuo inakiazimisha kwa msomaji mmoja tu kwa wakati mmoja, siku nne. Shemeji yangu alikuwa bado anapiga mswaki. Shauri yake.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayenisoma: sina haraka ya kukisoma. Nataka tu yeye asikisome. Mdogo wa mke wangu, anakaa kwangu, anakula kwangu, tunasoma darasa moja la uzamili, na bado ana uso wa kugombea nafasi ileile ninayoigombea mimi. Msaidizi wa utafiti! Mwenye meza yake dirishani! Mimi nimefundisha jiografia miaka kumi na miwili. Yeye hata yai linamuungulia.

Jumanne, 4 Machi
Wakati wa chai kaniuliza kwa adabu kabisa, eti shemeji, ukimaliza utanipisha? Nikamjibu niko katikati ya sura ya nne, mambo ni mazito. Niko kwenye dibaji. Adabu yake ndiyo inayoniudhi. Mtu mwenye nia njema hakorogi chai polepole vile.

Ila siku nne zitaisha. Na kuna foleni. Nikawaza. Mke wangu ni nesi wa zahanati ya chuo, kwa hiyo naye ana haki ya kuazima. Kitambulisho chake kilikuwa kimening'inia msumarini. Dakika tano tu, nimemfungulia akaunti na kumpanga foleni. Shemeji kaja kujiandikisha saa nne. Wa tatu! Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mke wangu akauliza kama nina homa.

Ijumaa, 7 Machi
Kitabu kimehamia kwa mke wangu, yaani kwangu. Shemeji katulia tu. Hanung'uniki, hanuni. Kila alasiri anatoka na daftari, anarudi na vumbi kwenye mikono ya blauzi. Nikamuuliza alikuwa wapi. Eti chuoni. Chuo gani hicho cha vumbi? Utulivu wake umenipandisha hasira hadi nimeshindwa kusoma. Bado dibaji.

Jumatatu, 10 Machi
Maktaba ni wambea! Wamemwandikia mke wangu barua pepe: mpendwa msomaji, kitabu chako cha mitaro ya maji machafu kinarudi kesho. Kaisoma kwa sauti pale zahanati, mbele ya daktari na wagonjwa wawili, akidhani ni matapeli. Halafu akapiga simu maktaba. Wakamtajia namba yake ya kazi na siku akaunti ilipofunguliwa.

Alirudi, hata viatu hakuvua. "Tangu lini mimi nikasoma mitaro?" Nikasema nilitaka kumshangaza. Akasema ameshangaa. Kitambulisho sasa anaoga nacho.

Jumatano, 12 Machi
Msimamizi kaniita ofisini. Tunamwita Mwalimu Nukta, kwa sababu anaweza kukurudishia kurasa sitini kwa ajili ya nukta moja. Mkutubi kamwonyesha orodha ya walioazima. Nyumba moja, siku nane! Kafurahi, akidhani siku zote hizo nilikuwa nasoma, kanishika bega. Keshokutwa nitalieleza darasa sura ya nne, na atakayemridhisha siku hiyo ndiye msaidizi wake. Nikasema niko tayari. Dibaji yenyewe sijaimaliza.

Nyumbani, kitabu kiko kwa shemeji tangu jana. Bila kuombwa, kaja sebuleni na kompyuta yake. "Shemeji, shika. Mimi nilishakimaliza. Ukitaka tukipitie pamoja, sura ya nne inasumbua kidogo."

Uongo! Alikimaliza vipi na mimi ndiye niliyekikalia? Mtego huu. Nikamwambia asante, kitabu chote nimekihifadhi kichwani. Nikaubamiza mlango. Ukarudi, ukanigonga kiwiko.

Ijumaa, 14 Machi
Fedheha! Nilizungumza dakika kumi na mbili kuhusu maji kwa ujumla. Kwamba hushuka. Kwamba mvua huyaongeza. Mwalimu Nukta akauliza mwandishi anapendekeza mteremko gani kwa mtaro wa sokoni. Nikasema wa wastani. Akauliza wastani wa nini. Nikasema wa mtaro. Darasa zima likaangua kicheko.

Shemeji hakucheka. Bora angecheka! Kanyoosha mkono, kajibu, kachora ubaoni, na kila mara anasema "kama shemeji alivyoanza kutueleza". Ananisitiri! Nani kamwomba? Nafasi kapewa palepale.

Nilimbana koridoni. Ulikisoma wapi? Akanitazama kwa huruma, jambo ambalo sitamsamehe. Akasema kipo cha karatasi, shemeji, maktaba ya chuo, ghorofa ya chini, rafu ya mwisho ukutani. Vumbi tele, lakini kurasa zote zipo. Alikuwa anakisomea hukohuko kila alasiri.

Karatasi! Siku nane nalinda mlango, kumbe nyumba haina ukuta.

Jumamosi, 15 Machi
Mke wangu kaniweka kitako. Kasema zile siku nane ningezitumia kusoma, meza ya dirishani ingekuwa yangu. Nimekubali. Nimekubali yote. Nimemwomba radhi, na shemeji pia. Kasema hana kinyongo, akanimiminia chai. Nilikaribia kutokwa na machozi.

Mwalimu Nukta naye kanipa nafasi ya kujiokoa: nisome vitabu viwili vyovyote katika orodha mpya ya darasa, niandike kurasa kumi, wiki mbili. Ni huruma kubwa. Ila nani kaiandaa hiyo orodha? Msaidizi wake! Kaibandika mtandaoni asubuhi hii, vitabu vitano, na jina lake chini kwa herufi nene.

Nimeviazima vyote vitano kabla hajamaliza kifungua kinywa. Vya karatasi nitavifuata Jumatatu, maktaba ikifunguliwa tu. Sijafungua hata kimoja. Cha tano ni cha Kijerumani. Mimi Kijerumani sijui. Yeye pia hajui, lakini siwezi kubahatisha.