Mguu wa Cherehani

Jumatatu, 6 Januari

Binti yangu anaondoka wiki ijayo. Shule ya bweni. Sanduku lake liko tayari pale sebuleni, katikati ya njia, na kila nikipita linanigonga goti.

Leo kaja na habari. Jumamosi kuna mashindano ya wawili wawili kwenye mashine ya Kanyaga, ule mchezo wa kuruka kwa mdundo, pale ukumbini kwa Mama Funguo. Anatafuta mwenza. Atachagua Alhamisi, baada ya majaribio, kati yangu na mjomba wake.

Kati yangu na nani? Nani alimshika mkono kwenye Kanyaga ya kwanza, enzi hizo mdogo kiasi kwamba akiruka kibao hakisikii? Mimi! Toleo la pili? Mimi! La tatu goti likaanza kuniuma, shemeji akapata pa kujipenyeza. Fundi friji. Hana mke, hana goti bovu. Anacheza mikono mfukoni. Simpendi mtu anayecheza mikono mfukoni.

Mke wangu anasema nimwambie tu mtoto kwamba natamani kucheza naye Jumamosi yake ya mwisho. Nimemjibu huko ni kuombaomba. Akili ni mali. Nitatumia zangu.

Jumanne, 7 Januari

Nimefunga karakana mapema, nikaenda kujifua peke yangu. Mambo yenyewe ni haya. Unasimama juu ya vibao vinne: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kwenye kioo mishale inapanda. Mshale ukigusa mstari wa juu, unakanyaga kibao chake papo hapo. Ukiwahi, kosa. Ukichelewa, kosa. Makosa yanakula uhai, uhai ukiisha muziki unakatwa, unashuka huku watu wanakutazama. Na katika toleo hili jipya, la nne, wawili mnatumia uhai mmoja. Mmoja akiboronga, mmekufa wote.

Hayo nayaweza. Kinachonimaliza ni mshale wenye mkia. Huo unaukanyaga, kisha unatulia mpaka mkia uishe. Kutulia! Mimi niliyeendesha cherehani ya miguu maisha yangu yote! Mguu ukikuta kibao, kisigino na kidole, kisigino na kidole, wala hauniulizi. Mikia yote imekatika. Mama Funguo kaniuliza namshonea nani suruali huko chini.

Nikakaa kwenye ngazi za ukumbi nikawaza. Hata nyumbani, nikikaa kimya na binti yangu, haupiti muda nimeshaanza kusema jambo au kunyoosha kitambaa cha meza. Huenda si mguu peke yake. Wazo hilo halikunipendeza. Nikaondoka.

Jumatano, 8 Januari

Nimechora vibao vinne kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Mteja kaja kupimwa, kanikuta naruka. Nikamwambia nanyoosha mgongo. Akasema atarudi. Suruali ya mteja wa jana nimeikata huku nafuata mdundo, mguu mmoja umezidi mwenzake. Itabidi nimshawishi kwamba ndiyo fasheni.

Lakini jioni nimepata dawa! Kabla ya wimbo kuanza, mashine huuliza mishale ipande kwa kasi gani. Kuna polepole, kuna wastani, na kuna ile ya juu kabisa, mishale inaruka kama mafuta ya moto. Basi. Kesho najitolea kupanga mashine. Mimi, polepole kabisa. Shemeji, ya juu kabisa. Mikono itatoka mfukoni yenyewe.

Alhamisi, 9 Januari

Nimeumbuka.

Mpango ulikwenda vizuri hadi muziki ulipoanza. Mishale yangu ilipanda polepole, ndiyo, lakini imebanana! Imelaliana kama nguo kwenye beseni, hujui upi unatangulia upi. Nikakanyaga vyote kwa mpigo. Uhai ukaisha hata mwimbaji hajafika kwenye kiitikio.

Akapanda shemeji. Akapepesa macho kidogo. Kisha akacheza vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yake, mikono mfukoni vilevile! Aliposhuka akanikumbatia. Eti siku zote aliiogopa kasi ile, ahsante shemeji kwa kunitia moyo. Loo!

Binti akanieleza taratibu, kama nilivyokuwa nikimweleza yeye zamani. Kasi ile haigusi muziki. Wimbo ni uleule, mdundo uleule. Ukiongeza, mishale inaachana, kila mmoja unauona na nafasi yake. Ukipunguza, inajazana. Kila mchezaji anajua hilo. Halafu akaniangalia sana. Anajua nani alipanga mashine. Amemchagua mjomba.

Nimerudi kwa njia ndefu. Nikawaza kwamba nilitaka wiki hii iende polepole, na nimeijaza mipango hadi mtoto mwenyewe simuoni. Ni wazo zuri. Ila halinisaidii kwa Jumamosi.

Ijumaa, 10 Januari

Friji! Ilikuwaje nisifikirie friji?

Nimemwambia shemeji kwamba muuza nyama wa ng'ambo ya mji amepiga simu, friji yake imezima, anamwomba sana aje kesho mchana. Shemeji hawezi kuacha nyama ya mtu ioze. Ni mtu mwema, hilo nampa. Atakwenda. Binti atabaki bila mwenza. Nami nitakuwa hapo karibu, kwa bahati tu, nimevaa raba.

Mke wangu kauliza kwa nini nauchekea ukuta. Nikamwambia ni furaha ya wikiendi.

Jumamosi, 11 Januari

Yote yamekwenda kama nilivyopanga. Laiti yasingekwenda.

Zamu yao ikaitwa, mjomba hayupo. Binti akaangaza mlangoni mara mbili tatu. Nikajitokeza. Akashusha pumzi, akanishika mkono, tukapanda. Kwa dakika ile sikuwa na shida yoyote duniani.

Kumbe wimbo umejaa mikia. Mguu wangu ukaanza kushona. Kila uhai nilioupoteza, yeye anaurudisha, jasho linamtiririka, macho hayabanduki kwenye kioo. Sijawahi kumwona akicheza hivyo. Nami nashona tu. Muziki ukakatwa kwenye wimbo wa kwanza.

Mara shemeji huyo, ananuka nyama mbichi. Friji ilikuwa nzima, na muuza nyama hakumpigia mtu simu. Binti akamtazama yeye, akanitazama mimi. Akalia palepale, mbele za watu. Akasema alitaka kushinda kitu kimoja tu kabla hajaondoka.

Shemeji akanivuta kando. Hakugomba. Alisema tu, shemeji, ungeniomba ningekupisha. Nimejichukia leo.

Jumapili, 12 Januari

Asubuhi nimemwomba radhi mlangoni pa chumba chake, mara mbili. Mlango haukufunguka.

Baada ya chakula cha mchana katoka na raba zangu mkononi, kazitupa miguuni pangu. Twende.

Ukumbini hakuna mtu, Mama Funguo anafagia. Binti akapanga mashine mwenyewe, akaongeza kasi, mishale ikaachana. Kweli bwana, kila mmoja unaonekana! Akachagua wimbo rahisi. Mkia wa kwanza ulipofika, mguu wangu ukaanza mambo yake. Akaukanyaga. Aliacha mishale yake ikapita, akaweka mguu wake juu ya wangu, akakandamiza. Ukatulia. Mkia ukaenda hadi mwisho! Uliofuata, vivyo hivyo. Alama zake zilikuwa aibu tupu, lakini wimbo tuliumaliza, wa kwanza mimi kuumaliza katika toleo hili. Tulicheka hadi Mama Funguo akaacha kufagia.

Tukakaa kwenye ngazi. Akasema mashindano alimtaka mjomba kwa sababu alitaka kushinda. Ila Jumapili hii, tangu mwanzo, alikuwa ameniwekea mimi. Alitaka kunishtukiza tu. Nilikosa pa kuweka uso.

Akaniomba kitu kimoja. Baba, usinipangie mambo tena. Wewe njoo tu. Nikaapa, na nilikuwa namaanisha. Tukakaa kimya kitambo kirefu na sikunyoosha kitu chochote.

Jumatatu, 13 Januari

Ameondoka. Nyumba ina ukimya ambao sijui niuweke wapi. Nimelia kidogo karakanani, nikasingizia vumbi la chaki.

Lakini nimebadilika, naona. Mtu mpya kabisa. Nimetulia siku nzima.

Mchana mlezi wa bweni kanipigia simu: binti amefika salama. Kutembelea ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, wageni wawili tu kwa kila mtoto. Mama yake lazima aende. Shemeji alipita jioni kuuliza habari, akasema nafasi zikiwa chache yeye atanipisha, wala nisiwe na wasiwasi.

Nikamwambia aache maneno hayo, nafasi ziko tele, sote tunakwenda. Siku ya kutembelea nimemtajia: Jumatatu asubuhi.