Njia ya Siri ya Mwankoko

Jumatatu, 6 Januari 2025

Nimeipata. Njia imekamilika! Inaanzia nyuma ya nyumba ya wageni ya Bi Mwantum hapa Mandewa, inazunguka mawe makubwa, inateremka hadi Mwankoko, inakata shamba moja la alizeti katikati na kutokea ukingoni mwa ziwa, penye heroe, wale ndege wa rangi ya waridi. Shamba lenyewe sijui la nani. Alizeti zinafika gotini tu. Baiskeli inapita vizuri.

Hakuna anayeijua isipokuwa mimi. Itabaki hivyo mpaka Jumamosi.

Bi Mwantum ana mgeni Mreno anaitwa Duarte. Kazi yake huko kwao ni kuchora njia za baiskeli za milimani zinazopita vijijini. Sasa anatafuta njia moja ya Singida. Jumamosi anaijaribu yangu. Akiipenda, mwezi wa saba analeta kundi la wageni na mimi ndiye kiongozi wao. Asipoipenda, anajaribu ya Mwalimu Naftali.

Mwalimu Naftali! Mstaafu, alifundisha michezo, mpaka leo anavaa kaptula ya kubana na filimbi shingoni. Hata sokoni. Mtu anayekwenda kununua nyanya na filimbi ana jambo analolificha.

Hajira sijamwambia. Mke wangu ni mtu mwema, lakini anasalimiana na kila mtu. Sijamwambia pia kwamba nimeacha kazi kwenye mashine ya alizeti ya kaka yake, Abdulmajidi. Nilimwambia shemeji atafute mwingine wa kubeba magunia, mimi sasa ni mtu wa utalii. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Ameahidi kumficha dada yake habari hiyo hadi Jumamosi. Si kwa wema. Anasema hataki kuharibu sinema.

Kwa hiyo kila asubuhi naondoka nyumbani na nguo zangu za mashine, zenye mafuta. Baiskeli ya gia iko kwa Benjamin, fundi cherehani, nyuma ya mapazia.

Jumanne, 7 Januari

Nimeonana na Duarte, Bi Mwantum akitafsiri. Akanionyesha picha za njia za kwao: kuta za mawe, mizeituni, vijumba vyeupe, alama za rangi kwenye nguzo. Nikauliza siri yake ni nini. Akasema kabla ya kupanda baiskeli anakwenda kwa kila mwenye shamba, anakunywa naye kahawa, anaomba ruhusa ya kupita. Njia moja ilimchukua mwaka mzima. Kahawa ilimharibia tumbo.

Nikatikisa kichwa kwa heshima. Siamini hata kidogo. Hakuna anayetoa siri ya biashara bure namna hiyo. Ama ananipima, ama kuna mtu kamtuma nipoteze wiki nikinywa chai na wakulima huku mwenzangu anamaliza njia yake. Nani anafaidika? Mwenye filimbi.

Akaniuliza njia yangu inapita mashamba ya nani. Nikasema ya familia. Uongo mdogo, wa kikazi.

Jioni Hajira karudi kutoka shambani amenuna. Mwaka huu kakodi shamba jipya huko huko Mwankoko, kwa mama mmoja anaitwa Felista. Sijafika kuliona kwa sababu ya kiuno changu, kinachonifanya niburute mguu wa kulia. Anasema kuna mtu anapitisha baiskeli katikati ya alizeti zake, kwenda na kurudi, mistari miwili imelala kabisa. Tairi nene, zenye meno.

Nikaweka tonge chini. Tairi nene! Watu wa huku wanaendesha tairi nyembamba. Ukiniondoa mimi, Singida hii mwenye tairi nene ni mmoja tu. Kumbe njia ya Naftali nayo inapita Mwankoko, tena juu ya alizeti za mke wangu!

Jina sikulitaja. Hajira angekwenda kumwuliza mbele za watu. Nikamshauri aweke miiba. Miiba ya mgunga, mingi, bila huruma.

Hajira alinitazama vizuri, kama zamani. Akasema, "Baba Hanifa, kumbe shamba unalijali!" Akaniongezea mchuzi.

Jumatano, 8 Januari

Pancha mbili! Mbele na nyuma!

Miiba katikati ya njia yangu, pale pale kwenye lile shamba la alizeti. Mgunga. Haikuanguka yenyewe, imepangwa kwa ustadi, kama mkeka. Nikashuka, nikaisogeza kwa mguu, nikasukuma baiskeli hadi barabarani.

Na barabarani nikakutana na nani? Mwalimu Naftali, panga kwenye keria, majani ya mgunga yamemganda mgongoni. Nikamwamkia shikamoo kwa sababu ni mkubwa kwangu. Akaitika marahaba kwa utulivu wa mtu mwenye hatia. Nikauliza atokako. Akasema kuna mama jirani yake wa shambani alikuwa na shida, amemsaidia kukata miti. Jirani gani? Hakusema. Nami sikuuliza. Ukiuliza sana, mtu anajua kwamba unajua.

Kwa hiyo ameigundua njia yangu. Lazima ni Benjamin, yule wa mapazia. Juzi alinipimia suruali ambayo sikuiagiza.

Jioni Hajira kachangamka. Miiba imewekwa, jirani kamsaidia. Lakini mhuni kapita tena! Kashuka, kasogeza miiba, kasukuma. Nyayo zake zipo, mguu wa kulia unaburuta. Nikacheka kimoyomoyo. Naftali ana goti bovu tangu alipokuwa anacheza mpira.

Nikamshauri mtaro. Uchimbwe kukata njia yenyewe, upana wa hatua moja. Mvua ikinyesha maji yataujaza, hautaonekana. Mtu akija kwa kasi, kwisha habari yake.

Hajira akasema hakujua kama nina akili hivi. Akanikanda kiuno kwa mafuta ya nazi, maana anaamini ni magunia yanayonichosha. Nilijisikia vibaya kidogo. Nikapitiwa na usingizi.

Alhamisi, 9 Januari

Leo sikuendesha. Nimejificha kwenye mawe juu ya Mwankoko nimkamate Naftali akiweka miiba mingine. Mvua imenyesha asubuhi yote. Naftali hakutokea. Mbali kule shambani niliona wanawake wawili wanachimba kitu, wamejifunika viroba. Wakulima ni watu wa ajabu. Mvua yote ile!

Nimerudi nyumbani nimelowa chapachapa, tope hadi masikioni. Hajira akauliza mtu wa mashine analowaje. Nikasema bati la mashine linavuja. Papo hapo akampigia kaka yake kumgombeza: anamlowesha mume wa dada yake kwa nini, hana utu? Kisha nikasikia Abdulmajidi akisema, kwa sauti ya mtu anayejiminya, kwamba atapanda juu ya bati mwenyewe.

Hajira akasema, "Kaka anaumwa? Mbona anakohoa hivyo?"

Ijumaa, 10 Januari

Baada ya sala nimekutana na Naftali nje ya duka la vipuri. Bila kuulizwa, akaniambia kuna mwendawazimu anaharibu mashamba ya akina mama Mwankoko kwa baiskeli. Akaniomba nikisikia lolote nimwambie. Akasema kesho asubuhi watamkamata. Akanigusa bega!

Macho makavu! Sijaona mtu kama huyu. Anaandaa ushahidi wa kujikinga mapema. Nikamwambia nitafungua masikio.

Hajira naye kasema mtaro umekwisha. Kesho yeye na Felista na yule jirani watajificha ndani ya alizeti kuanzia alfajiri. Nikamwambia abebe jembe. Naftali atanaswa kwa Hajira wakati mimi namwongoza Mreno kwangu. Kila kitu kimekaa mahali pake. Natamani ningeweza kuwa sehemu zote mbili.

Jumamosi, 11 Januari

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Tuliondoka vizuri. Nilipiga gia, Duarte nyuma yangu, Bi Mwantum akatupungia leso. Kwenye mawe alisimama, akapiga picha, akasema maneno ya Kireno yaliyosikika kama sifa. Mteremko wa Mwankoko akapiga kelele za furaha. Nikaona mwezi wa saba huu hapa mbele yangu.

Kwenye shamba la alizeti niliangalia miiba. Hakuna! Kidimbwi cha mvua tu. Nikataka kumwonyesha Mreno jinsi sisi tunavyopasua maji. Nikaongeza kasi.

Hakikuwa kidimbwi.

Baiskeli ilibaki mle ndani. Mimi niliendelea bila yake, nikaangukia alizeti. Filimbi ikalia! Mwanamke akaruka juu na jembe akipiga kelele, "Nimempata! Nimempata mhuni wangu!" Nikaijua sauti kabla ya kuona kanga.

Hajira alisimama na jembe hewani. Alinitazama mimi, akatazama tairi nene, akatazama mguu wangu wa kulia. Jembe likashuka polepole, chini, ardhini.

Akasema, "Baba Hanifa. Si uko mashineni?"

Felista akageuka upande kwa adabu, mabega yanamtikisika. Mwalimu Naftali akaondoa filimbi mdomoni, akaniuliza kama nimeumia. Unafiki mtupu.

Duarte alikuwa amefunga breki mapema. Alishuka, akavua kofia, akauliza kwa Kiingereza, Naftali akitafsiri, mama huyu ni nani. Ikabidi niseme ni mke wangu. Akafurahi! Akasema basi ni kweli nilivyomwambia, njia inapita mashamba ya familia. Halafu akatazama mistari ya alizeti zilizolala. Furaha ikamwisha usoni. Akaniuliza kama nilimwomba ruhusa.

Hajira hakusubiri tafsiri. Alisema kwa Kinyaturu maneno ambayo sitayaandika.

Mreno akapiga magoti topeni, akaanza kusimamisha alizeti moja moja, akizikandamizia udongo shinani. Naftali akamfuata. Felista akaleta chupa ya chai kutoka kwenye kichaka walikojificha. Wakakaa. Wakanywa chai. Hajira akamwonyesha kwa jembe pembeni mwa shamba, mpakani na shamba la Naftali, ambako mtu akipita hamkeri mtu. Mreno akachora. Robo saa. Mimi nilikuwa bado naitoa baiskeli.

Jumapili, 12 Januari

Matokeo. Njia ya Mwankoko imekubaliwa, kwa kupita mpakani. Kiongozi ni Mwalimu Naftali. Wageni watapumzika na kula kwa Hajira, ugali na kuku wa kienyeji. Wageni wakifika ziwani watapiga picha heroe wangu.

Hajira hasemi na mimi, isipokuwa kuuliza kama bati la mashine bado linavuja. Adhabu yangu ameshaitaja: kila alizeti iliyovunjika nitaipanda upya kwa mkono, kiuno au bila kiuno. Abdulmajidi kanirudisha kazini. Kaweka gunia tupu juu ya stuli ya mlangoni, kaandika kwa mkaa: UTALII. Hapo ndipo nitakapokula mchana.

Nimefikiri sana. Kosa limeonekana. Niliamini watu mno! Nani alikata miiba? Naftali. Nani alipuliza filimbi? Naftali. Nani analima jirani na mke wangu bila mimi kujua? Kila mtu alijua ni shamba la Hajira isipokuwa mimi. Hiyo haiwezi kuwa bahati mbaya.

Jumanne, 21 Januari

Kinampanda! Nimeomba ruhusa kwa shemeji, nimesema nakwenda Kiomboi kuangalia mbegu. Baiskeli ilipanda basi, mimi na mkono wangu uliofungwa tukakaa dirishani. Nimelala nyumba ya wageni Kiomboi chini ya jina lingine, maana mama mkwe anaishi Kinampanda na habari kwake hazilali.

Njia mpya ni bora kuliko ya kwanza mara mia. Inapanda kilima, inateremka kati ya mawe, inakata shamba moja zuri la uwele lenye uzio wa minyaa. Nimepenya kwenye tundu la uzio mara nne. Mwenye shamba simjui. Safari hii sijamwambia mtu yeyote, hata fundi cherehani.

Hajira kapiga simu mchana. Ameanza kusema na mimi, maana mama yake ana shida. Kuna mhuni wa baiskeli kaingia kwenye uwele wake, katoboa uzio. Naftali! Kumbe anajipanua mpaka huku Iramba, mzee yule hatosheki!

Miiba na mtaro anavijua sasa, havitamtosha. Nikamwambia Hajira ampe mama salamu zangu nyingi, halafu usiku mama afungulie mbwa wake wote wawili, na asiwafunge hata kukipambazuka.

Hajira akashukuru.

Naamka alfajiri kuipima njia mara ya mwisho.