Buti za Teppei

Jumatano, 26 Machi
Asubuhi nimempelekea Teppei wali wa kwanza kutoka sufuriani mbele ya picha yake, kama kila asubuhi tangu afariki. Nikampa na habari: Jumapili mlima unafungwa, msimu wa kuteleza umekwisha, na mimi mkewe nitamchorea mstari wake. Kila mwaka, siku ya kufunga, alishuka na ubao wake wa kutelezea theluji akaacha alama nyembamba kama nyoka, kushoto, kulia, kushoto. Baada ya hapo mashine ya kusawazisha theluji haiji tena, basi alama ilikaa hadi theluji ikayeyuka. Mimi niliitazama dirishani jikoni, mikono ina povu.

Leo mazoezini, kwa visigino napinda vizuri. Naona bonde, naona paa letu. Nikigeuka niegemee vidole, puu! Kifudifudi.

Wifi Setsuko, dada yake Teppei anayekodisha vifaa kule chini, ametazama miguu yangu tu. Anasema buti za kaka yake zinanipwaya. Nikikandamiza vidole, kisigino kinapanda ndani na ubao haupati habari. Nichukue za saizi yangu, bure. Nimemwambia nitafikiria.

Sitafikiria.

Alhamisi, 27 Machi
Mpango: magazeti. Nimeyashindilia ndani ya buti hadi mguu ukakosa pa kupumua. Visigino: safi. Vidole: theluji mdomoni. Kufika mchana magazeti yamekuwa uji. Wifi akaniuliza, mbele ya foleni nzima ya lifti ya kupandia mlimani, kama huko chini wameandika kesho kutanyesha.

Ijumaa, 28 Machi
Mpango mkubwa! Nani kasema lazima vidole? Nimeshuka kwa visigino tu, nikielea kushoto, nikirudi kulia, kama jani linalodondoka. Sikuanguka hata kidogo! Nimekimbia nyumbani, moja kwa moja dirishani.

Si nyoka. Ni kama mtu amefagia uwanja.

Wifi akapiga simu kuuliza nani kaburuta gogo mlimani. Akasema, “We wifi, kaka angeona hiyo angekufa tena!” Tukacheka. Akaniuliza kama nimekula.

Jumapili, 30 Machi
Wifi alinisubiri kwenye lifti na buti za saizi yangu mkononi. Akasema mara moja tu, halafu hataniudhi tena. Nikavaa, kwa ajili ya wifi.

Visigino. Kisha vidole. Kisigino kikatulia, ubao ukakata kama kisu kwenye tofu laini. Nikapinda! Nilikuwa nimeuelekea mlima, theluji karibu na pua, bonde lote mgongoni. Nikaelewa: kwenye kona hii Teppei hakuniona. Miaka yote nilimpungia mkono toka dirishani akiwa amenipa mgongo. Ndiyo maana kwenye kona iliyofuata alipunga yeye kwanza, hata kabla hajasimama vizuri.

Nilifika chini nikilia. Wifi akapiga makofi, akasema nyoka huyo hapo, mzuri kuliko wa kaka, usimwambie.

Lakini zile si buti zake. Haihesabiki. Nikavaa za Teppei na magazeti mapya ndani, nikapanda na lifti ya mwisho.

Sasa niko dirishani. Kuna nyoka mmoja mrefu, mzuri. Kando yake kona moja ya visigino, na shimo lenye umbo langu. Ninalitazama hilo shimo.

Buti zake zinakauka karibu na jiko. Nimeshajua kosa lilipokuwa: magazeti. Mwakani nitazijaza soksi za sufu.