Pai za Kina Mama wa Kanisa

Jumatatu, 5 Agosti
Orrin Tveit, jirani yangu, kapita tena na kofia yake ya Bingwa wa Kula Pai. Miaka mitatu mfululizo! Kaniuliza kwa sauti, mke wangu LaVonne akisikia, kama utumbo niliobakiwa nao unatosha hata biskuti. Mshenzi. Lakini kanipa wazo. Mwaka jana madaktari walinikata karibu utumbo mwembamba wote. Tangu hapo chakula kwangu hakikai, kinapita mbio. Orrin ana tumbo la kujaa. Mimi nina bomba! Shindano ni Jumamosi, kwenye maonyesho ya kaunti. Daktari alinikataza sukari na wanga, ila daktari hajawahi kuishi jirani na Orrin.

Jumanne, 6 Agosti
Mazoezi yanataka pai. LaVonne haoki tena nyumbani, kwa ajili yangu. Lakini friza la kanisa limejaa! Kina mama wa Kilutheri wameoka tangu Juni, kwa kibanda chao na kwa shindano. Ufunguo ninao, maana ndimi nikataye majani ya uwanja wa kanisa. Nimekula mbili za tufaha. Nitazirudisha. Vipi, sijui bado.

Alhamisi, 8 Agosti
Jana za cheri, leo za cheri. Ajabu: kichwa chepesi, ulimi mzito, miguu haisikii amri. LaVonne kanikuta nimekumbatia sanduku la barua. Kaninusa. Hakunusa kitu, akazidi kuogopa: eti sasa nimejua kuficha hata harufu. Miaka tisa sijagusa pombe! Nilitaka kuapa, yakatoka maneno nisiyoyaelewa mwenyewe. Kuhusu pai nikanyamaza. Mwenyekiti wa kibanda ni yeye.

Alishasema zamani: nikirudia chupa, anahamia kwa dada yake, mjini Fargo. Kafungasha begi bila kelele, akaondoka. Heri angenitukana. Nyumba imepoa mno.

Ijumaa, 9 Agosti
Niko hospitali. Nilianguka uani, nahema kama niliyefukuzwa na mbwa. Nani kaniokota? Orrin! Kaniambia njia nzima, "Tulia, mzee, usife kabla sijakushinda." Aibu tupu.

Pombe kwenye damu: hakuna. Asidi: imejaa. Dk. Pelletier kapima figo, nzima. Kisukari, hamna. Hata asidi ya misuli iko sawa, basi hiyo iliyojaa haijulikani imetoka wapi. Mama wa watu kachoka, kaniuliza nimekula nini. Nikasema samaki. Akaitazama cheri kwenye ukosi wangu, akasema samaki wa huku wana rangi nzuri.

Jumamosi, 10 Agosti
LaVonne kaja. Kasimama mlangoni na begi mkononi, hakai. Nikaona hapa ama nakiri wizi, ama nabaki peke yangu. Nikasema: pai zako nimekula mimi.

Daktari kapiga paja. Kumbe vijidudu vya utumbo mpana vikipata sukari nyingi hivyo, hutengeneza asidi ya nadra ambayo kipimo cha kawaida hakiioni. Nililewa pai! LaVonne kakaa, akalia. Kasema kule Fargo alinililia kama anayelilia maiti, na leo asubuhi kina mama wamefungua friza wakakuta sahani nyingi tupu. Pai zilizobaki hazikutosha, kibanda hakikufunguliwa. Sijawahi kujichukia hivi.

Shindano nalo limefutwa. Orrin hakupata kofia mpya. Hilo limenifurahisha kidogo, Mungu anisamehe.

Jumanne, 13 Agosti
Nyumbani. Nimeapa kwa Biblia: pai, basi. Ufunguo wa kanisa nimerudisha. LaVonne kaenda kuwaomba radhi kina mama, kwa niaba yangu, na mimi nimekaa hapa najuta kwa dhati.

Orrin kapita kunijulia hali. Kasema mwisho wa mwezi mji wa pili una sikukuu ya mahindi matamu, na kuna shindano la kuyala. Akacheka, akasema hayo si ya wagonjwa. Eti si ya wagonjwa! Mahindi ni mboga. Nimeapa pai; mahindi hayakutajwa.

Nimechemsha machache, kujaribu meno tu. Begi la LaVonne bado liko nyuma ya mlango, hajalifungua. Nimelisogeza kidogo, nipate pa kuficha magunzi.